Watoto Wachanga na Safari ya Bahari

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyewadhalilishia waja wake bahari, wakavua humo riziki na wakasafiri juu yake kwenda kwa jamaa zao. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona maneno ya bahari yanaandikwa kutoka Chapwa. Chapwa ni jirani ya Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, katika Mkoa wa Songwe uliopatikana mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Kutoka hapa hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Watoto ninaowasomesha wanaujua mto Momba, na wanayajua malori yanayopanga foleni kwenda Nakonde, lakini bahari wanaisikia kwa masikio tu. Mimi ni mtu wa pwani kwa kuzaliwa, nikasoma chuoni huko kwa masheikh wa zamani, kisha riziki yangu ikaandikwa huku bara. Kwa hiyo wazazi wa huku wakitaka kuvuka maji, huja kwangu kuuliza. Na ninayowajibu wao nimeona yawafaa vile vile nyinyi mlio pwani, kwa sababu nitakayoitaja mwisho.

Mwaka juzi alinijia kijana mmoja, jirani yetu, pamoja na mkewe. Mke ni mtu wa Unguja. Walikuwa na watoto wawili: wa kike wa miaka mitatu, na wa kiume wa miezi minane anayenyonya. Bibi yao aliye Unguja hajapata kuwaona hata mmoja. Naye macho yake yalikuwa yanaingia ukungu mwaka hata mwaka, akapiga simu kusema, "Nileteeni wajukuu zangu kwa Idi ya Mfunguo Tatu, niwaone kabla macho hayajazimika." Basi wale vijana walikuwa wamekwisha hesabu nauli, nguo za Idi zimekwisha shonwa, na walichokuja kukitaka kwangu ni dua na hirizi mbili za watoto.

Nikawaambia, "Dua nitawaombea, na sadaka toeni kabla ya kutoka. Ama hirizi, wanangu, hirizi haielei. Kaeni kwanza tuzungumze safari yenyewe."

Yule kijana akanijibu kwa adabu, "Maalim, si wewe uliyetusomesha kuwa ajali haina kinga?" Na mkewe, kwa kuwa ni mtoto wa pwani, akaongeza, "Na chombo cha kuzama hakina usukani."

Msomaji wangu, maneno haya mawili tunayarithi kwa wazee, nayo ni ya kweli mahali pake. Mahali pake ni baada ya msiba, mtu anapopewa pole ili moyo wake utulie, ajue kuwa kadari ya Mungu imepita. Lakini siku hizi watu wameyahamisha, wakayaweka kabla ya safari, yakawa ni ruhusa ya uzembe. Nahodha anajaza chombo kupita kiasi, kisha anasema ajali haina kinga. Baba anampandisha mwanawe chombo alichokiona kwa macho yake kuwa kimeelemewa, kisha anasema chombo cha kuzama hakina usukani. Je, huyo ametawakali? La! Huyo amevivia kufikiri, kisha akamsingizia Mola wake.

Wote tunaijua habari ya yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mungu, akaamrishwa kwanza amfunge, kisha ndipo ategemee. Lakini kwa jambo la watoto wachanga na maji, mimi humkumbusha mzazi habari iliyo karibu zaidi nayo, ya mama yake Nabii Musa. Hebu izingatie vizuri. Mama yule alipata ahadi kutoka kwa Mola wake kuwa mtoto atarudishwa kwake. Ni mzazi gani katika sisi aliyepata ahadi kama hiyo? Pamoja na hayo, alimnyonyesha kwanza kabla ya kumtia majini. Alimtia katika sanduku, hakumtupa mtoni mtupu. Kisha akamtuma dada yake Musa afuate ukingoni, amtazame kwa mbali. Ahadi ya Mungu mkononi, na bado mambo matatu ameyatengeneza: shibe ya mtoto, chombo cha mtoto, na jicho la kumwangalia mtoto. Basi sisi tusio na ahadi ile yatupasa tutengeneze mangapi?

Nikawauliza wale vijana, "Mnataka kusafiri lini?" Wakasema, "Siku mbili kabla ya Idi, maana ndipo likizo yangu inapoanza." Hapo ndipo nilipowazuia.

Tazama, ndugu msomaji, misiba ya vyombo iliyotupata katika nchi yetu, uone inaelekea wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu wengi kupita mno kiasi chake. Nayo ilikuwa siku chache tu baada ya Idi, watu wanarudi makwao. Haukupita mwaka mzima, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, upepo ni mkali na mawimbi makubwa. Nayo ilikuwa siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Katika Ziwa Viktoria, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa ni cha abiria 101, na waliokufa wamepita 220. Nayo ilikuwa siku ya gulio. Na kabla ya yote hayo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama inakaribia Mwanza, ikafa nayo mamia ya watu, na idadi yao ya hakika haikujulikana, kwani waliopanda walikuwa wengi kuliko walioandikwa.

Simtaji mtu kwa kumlaumu. Waliokwenda wamekwenda, Mungu awarehemu. Ila nataka uone jambo moja. Katika misiba hii, mwingi wake ulikuja siku za msongamano: Idi, gulio, ukaribu wa Ramadhani. Bahari ya siku ya Idi ni ile ile ya siku nyingine. Kilichozidi ni watu. Kila mmoja anataka kufika leo, na kila mmoja anaona aibu kubaki gatini. Idi yenyewe ni ibada, na kumzuru mzazi ni ibada, lakini kumsukuma mtoto wa miezi minane katikati ya halaiki hiyo si sharti ya ibada hizo.

Tena kuna upepo. Watu wa bara hawaujui, na vijana wa pwani siku hizi wameusahau kwa sababu ya mashine. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Kusi huja baada yake, na ukali wake mwingi ni Juni, Julai na Agosti. Baina ya pepo hizi huwa maleleji, nayo yale ya Oktoba na Novemba bahari yake aghalabu huwa tulivu. Idi ya Mfunguo Tatu ya mwaka ule iliangukia Juni, wakati kusi limekwisha shika. Mtu mzima aliyezoea atavuka, na boti kubwa za siku hizi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini mtoto ambaye hajapata kuona maji mapana kuliko ya mto, kwa nini umkutanishe na bahari siku ya ghadhabu yake? Wazee walisema: maji ya kifuu bahari ya chungu. Wimbi linalomchekesha baba linaweza kumtia mtoto wa miaka mitatu hofu ya maji ya umri mzima.

Kwa hiyo nikawaambia: ahirisheni mpaka Novemba. Lo! Yule mke alitokwa na machozi. Akasema, "Maalim, na mama je? Macho yake hayangoji Novemba." Neno lile lilikuwa zito, wala sikuweza kulijibu kwa wepesi. Haki ya mzazi ni kubwa, na kumngojesha mzee anayepoteza nuru ya macho si jambo dogo. Nikamwambia: "Mama yako ana haki ya kuwaona wajukuu wake, na wajukuu wana haki ya kufikishwa salama. Haki ya kwanza ikicheleweshwa hupungua. Ya pili ikikosekana hailipiki." Nikampigia simu yule bibi mimi mwenyewe. Aliniambia maneno makali, kuwa sisi watu wa bara tunamfanya bahari kama jini. Nikamvumilia, kwani ni mama, na uchungu wake ulikuwa na sababu. Mwisho alinyamaza, kisha akasema, "Haya Maalim, nimesikia."

Katika miezi ile minne tukawa tunaitengeneza safari. Nami nitakuelezea yale tuliyoyatengeneza, msomaji, upate kuyatumia au kumwambia mwenzio.

Kwanza, mkono mmoja kwa mtoto mmoja. Watoto wawili ni watu wazima wawili wasio na kazi nyingine: si mizigo, si tikiti, si simu. Mizigo ina mtu wake. Wale walikuwa wawili tu, basi wakamchukua dada yake kijana aliye Mbeya. Gharama iliongezeka, lakini huyo ndiye dada yake Musa katika safari hii: jicho la kutazama wakati mama amechoka au anatapika.

Pili, jina la mtoto liandikwe. Watu wengi humpakata mchanga wakaona si abiria kwa kuwa halipi, au analipa kidogo. Sivyo! Ana roho moja kama nahodha. Chukua cheti chake cha kuzaliwa pamoja na vitambulisho vyenu, na uhakikishe kuwa jina lake limo katika orodha ya waliopanda. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatafutwi.

Tatu, ukiingia chomboni, kabla hujafungua kikapu cha chakula, uliza jaketi za kuokolea za watoto ziko wapi, na mlango wa kutokea ni upi. Jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto likapita kichwani. Lazima liwe la kimo chake, na mikanda yake ijulikane kufungwa. Usione haya kumuuliza baharia. Ukiona watu wamesimama njiani, mizigo imeziba milango, na bado wengine wanapakiwa, shuka na wanao. Nauli itapotea, watu watacheka, na wacheke.

Nne, usimtoe mtoto kwenye basi la siku nzima ukamtia baharini papo hapo. Kutoka Chapwa tunatoka katika baridi, na Dar es Salaam ni joto la kumfanya mchanga atoke harara. Wale walipumzika usiku mbili kwa jamaa yao. Siku ya pili yake nikawaagiza wawapandishe watoto feri ya Magogoni kwenda Kigamboni na kurudi. Ni dakika chache tu, lakini yule binti aliona maji, akasikia mashine, akamshika baba yake shingo, kisha akamwachia. Hiyo ndiyo chuo ya kwanza ya bahari, na ada yake ni ndogo.

Tano, tumbo. Mtoto wa chini ya miaka miwili aghalabu hapatwi na kichefuchefu cha bahari. Anayetaabika zaidi ni yule aliyepita umri huo mpaka kiasi cha miaka kumi na miwili. Kwa hiyo wasiwasi wa mama uliokuwa kwa mchanga, niliuhamishia kwa dada yake. Usimpakize mtoto na njaa, wala usimshibishe wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Mpe chakula chepesi, maji kidogo kidogo, na umkalishe katikati ya chombo, ambako mtikiso ni mdogo kuliko omo. Kama aweza kuona nje, na atazame mbali panapokutana bahari na mbingu. Dawa za kuzuia kutapika usimpe mtoto mdogo mpaka umuulize tabibu, kwani baadhi yake humlevya. Chukua pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, nguo mbili za kubadilisha, na kanga za zamani usizozionea uchungu. Mchanga anyonye wakati wote anaotaka. Maziwa ya mama ndiyo maji yake na dawa yake. Na usimfunge mtoto kwa kanga mwilini mwako mkiwa ndani ya chombo kwa fundo lisilofunguka upesi.

Sita, asubuhi ya safari sikiliza habari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, kaa. Siku moja ya kulala kwa jamaa si hasara.

Saba, sala. Wazazi wengi wa watoto wachanga huiacha safarini kwa kisingizio cha mikojo ya watoto, na dini imekwisha wafanyia wepesi. Anayetoka Chapwa ni msafiri bila ya shaka, basi sala za rakaa nne atazisali mbili, na anaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ama mkaaji wa Dar es Salaam anayevuka kwenda Unguja tu, ambako ni kiasi cha kilomita 70, na amuulize mwalimu wake, kwani masafa ya madhehebu yetu ya Shafii ni marhala mbili, nazo zinapita kilomita 80. Kama chombo chaondoka mchana, sali gatini kabla ya kupanda, baba kwanza, kisha mama, mmoja akiwashika watoto. Ukilazimika kusali chomboni, simama ukiweza, na ukichelea kuanguka, kaa. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyepata miaka miwili, ambaye hajala kitu ila maziwa, watosha kunyunyiziwa maji mpaka pahali pote palowe. Wa mtoto wa kike huoshwa. Basi udhuru uko wapi?

Na wakati wa kung'oa nanga, msomeshe mtoto wako mkubwa aseme Bismillahi kama Nabii Nuhu alivyowaambia waliopanda naye. Hata kama haelewi, atakumbuka kuwa siku aliyoiona bahari mara ya kwanza, alilisikia jina la Mungu.

Wakasafiri Novemba. Bahari ilikuwa kama sinia. Binti alitapika mara moja, akalala. Mchanga, aliyekwisha kuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei, alicheka njia nzima. Lakini sitakuficha lililobaki. Walipofika, bibi yao alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli. Aliwapakata mmoja mmoja, akawapapasa nyuso, masikio na vidole, akasema mjukuu wa kiume ana pua ya marehemu babu yake. Mkwewe alipotaka kumwomba radhi kwa kuchelewa, yule mama alimkatiza: "Nyamaza mwanangu. Mwaka ule wa Nungwi nilikwenda kutoa pole nyumba tatu mtaani kwetu. Wao hawana wa kumpapasa." Tangu siku ile hunipigia simu, wala hanisemezi tena kwa ukali. Jamaa zake wamempeleka kwa madaktari wa macho, na tunamwombea.

Sasa ile sababu niliyokuahidi. Ndugu zangu wa pwani, wa Unguja na Pemba, wa Tanga, Mombasa na Lamu, nyinyi ndio mnaoita. Watoto wenu wameenea bara kutafuta riziki, nao wana wachanga ambao hamjawaona. Mnapowapigia simu mkasema, "Njoo kwa Idi, la sivyo sina radhi nawe," mnajua mnawatia katika chombo gani na siku gani? Kijana atakopa nauli, atapanda penye nafasi na pasipo nafasi, kwa kuogopa neno la mzazi. Radhi yenu ni kitu kizito. Msiitumie kumharakisha mtu mwenye mtoto mgongoni. Mwambieni, "Njoo bahari ikitulia, nasi siku utakayofika ndiyo tutakayofanya Idi." Wekeni akiba ya nguo za Idi sandukuni na halua kabatini, havitaoza kwa mwezi mmoja. Na wewe mwenye chombo, na wewe mkata tikiti, mkumbuke Mola wako unapomwandika mtoto, na unapomwacha bila ya kumwandika.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, awarehemu waliozama, awape subira waliobaki, na atujaalie tuwe katika wanaofunga kwanza kisha wakamtegemea Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.